Daraja Namba 61 na Paa la Roland

Jumatano, 12 Juni

Jumamosi binti yetu Bryony anaolewa, na mume wangu Roland bado anaipaka rangi boti yetu ya mfereji. Nyekundu na kijani, na mawaridi ubavuni! Ameinua paa ili bintiye asimame wima na shela lake mpaka kanisani. Bryony alitaka gari, kama binti yeyote mwenye akili. Boti aliikubali kwa kuwa hawezi kumnyima baba yake kitu.

Mama wa bwana harusi, Bi. Thackray, alikuja kunywa chai. Akaitazama boti, akauliza kama kanisani kuna mahali pa kukaushia nguo. Yule mama! Namchekea mpaka mashavu yananiuma. Bryony anamwogopa kama mwalimu mkuu.

Alhamisi, 13 Juni

Nimesema tufanye majaribio mpaka daraja namba 61, njiani kwenda kanisani. Ndilo la chini kuliko yote, la matofali, lenye michirizi ya kamba tangu enzi za farasi wa kuvuta boti. Roland kaja juu! Amelipima mwenyewe — alisimama juu yake, akateremsha kamba yenye jiwe kutoka katikati ya tao hadi chini. Eti paa linapita na kiganja kizima kinabaki. "Wewe shughulikia keki, mke wangu."

Nimeshughulikia keki.

Ijumaa, 14 Juni

Mvua. Keki imeinama upande mmoja. Usingizi hauji.

Jumamosi, 15 Juni

Naandikia ndani ya boti, chini ya daraja. Sijui nicheke au nilie.

Tulikwama! Katikati ya tao ni juu kweli, lakini hapo chini yake ni ukingo wa njia ya miguu. Boti hupita upande wa pili, tao linakoteremka. Maisha yake yote kwenye mifereji, na mume wangu kapima mahali pasipopita boti! Kona ya paa ikagusa matofali — kraaa! Roland akaipapasa kona iliyokwaruzika. Nilimwonea huruma mpaka nikasahau kumgombeza.

"Tuizamishe kidogo," akasema mwishowe. "Tunahitaji uzito." Kanisa liko hapo mbele tu, wageni wakaitwa. Wakaja na walevi wa baa ya jirani, glasi mkononi. Boti ikashuka, ikashuka… bado unene wa kidole.

Ndipo akatokea Bi. Thackray, kofia kama sinia la matunda.

"Bado wangapi?"

"Mmoja," Roland akasema. "Mmoja… wa kutosha."

Hata walevi walitazama viatu vyao. Nikajua ndoa imevunjika kabla ya kufungwa.

Bi. Thackray akanikabidhi kofia. "Na ningekuwa mwembamba leo, Roland, ungefanyaje?" Akapanda. Boti ikazama kidogo zaidi, matofali yakatuachia! Tukaingia, watu wakishangilia mpaka tao zima likavuma.

Sasa tuko katikati kabisa na injini imezima. Roland ameingiza mikono humo hadi mabegani, anaitukana. Kengele za kanisa zinalia. Bi. Thackray kachoka kusimama, anataka kushuka ukingoni aende kwa miguu. Akishuka, boti itapanda na tutabanwa. Bryony amemng'ang'ania kwa mikono miwili.

"Mama, nakuomba, usiniache hapa."

Siku zote humwita Bi. Thackray. Na yeye amelisikia neno hilo, nimemwona. Amegeuka kumtazama, mguu mmoja bado uko hewani — anaurudisha ndani.