Jumamosi kwa Mjomba Kinyozi

Januari 4

Mdogo wangu mpendwa,

Hujambo? Mimi sijambo. Bibi ninayemtunza huku ughaibuni naye hajambo, ila magoti yake, ambayo kila asubuhi huyalalamikia kwangu kana kwamba mimi ndiye niliyeyatengeneza. Na mgongo wako wa kusimama kutwa unaendeleaje?

Jumatatu mwanangu anaanza sekondari. Nimekaa nafikiria nani wa kumshika mkono siku hiyo, na kila nikizungusha ukoo mzima kichwani naishia kwako: kapera, kinyozi, mtu ambaye hata chai huiunguza. Usicheke. Nenda naye mpaka ndani, usimwache getini. Msikilize mwalimu mkuu mpaka amalize. Wenzako wakiogopa kuuliza, wewe uliza. Shule ile ni kubwa, naye ametoka kwenye shule ambayo kila mwalimu alimjua mpaka kikohozi chake.

Na uniandikie, usipige simu. Kwenye simu mimi hulia, na wewe husahau ulichotaka kusema.

Dada yako anayekutegemea


Januari 20

Dada yangu, shikamoo.

Sisi wazima. Mgongo upo, haujakatika. Pole kwa magoti ya watu.

Tulikwenda. Nilivaa shati lile nililovaa kwenye harusi ya binamu, maana nilijiambia siendi kuaibisha ukoo. Wakatuingiza ukumbini, wazazi na watoto tumebanana kama njiti za kiberiti. Mwalimu mkuu akaongea mbio mbio: kila somo na mwalimu wake, kila mwalimu na chumba chake, kengele ikilia mnahama, na masomo yote ni kwa Kiingereza. Akamaliza. "Kuna swali?" Kimya. Ungemsikia nzi akipangusa miguu.

Nikakumbuka agizo lako, nikasimama. "Mwalimu, mtoto akipotea kati ya chumba na chumba, amuulize nani?"

Ukumbi ukacheka. Mwalimu mkuu akasema, "Amuulize yeyote," akakusanya karatasi zake. Mwanao akatazama viatu vyake, lakini tulipotoka aliniambia, "Na mimi nilitaka kuuliza hilo hilo, mjomba."

Dada, mtoto umezaa. Anaamka mwenyewe, anapiga pasi mwenyewe, anaondoka jua halijapanda. Nikimuuliza shule vipi, anajibu, "Nzuri." Nimekaa raha mustarehe.

Mdogo wako, mjomba mtu


Februari 11

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Asante kwa kusimama mbele ya watu wote wale. Nimecheka peke yangu mpaka bibi akataka kujua nimekula nini.

Ila kuna kitu kinanikereketa. Mwanangu ameniandikia mistari miwili: "Niko salama mama. Shule nzuri." Huyu ni mtoto aliyekuwa akinieleza hata rangi ya kandambili za mwalimu wake! Mtazame vizuri. Polepole, usimtishe.

Dada yako


Machi 9

Mdogo wangu, mbona kimya? Mmeugua? Nijibu, hata mstari mmoja. Roho yangu iko juu juu.

Dada yako


Machi 20

Dada, shikamoo. Mtoto ni mzima wa afya. Anza na hilo, kisha tafuta kiti.

Sikunyamaza kwa kusahau. Nilikuwa natafuta jambo jema la kukupelekea pamoja na hili, maana peke yake lilikuwa zito.

Siku moja alikuja mlinzi wa zahanati kunyoa ndevu. Nimeshamaliza shavu moja, akaniuliza, "Kinyozi, hivi mpwa wako anaumwa nini hasa?"

"Haumwi kitu."

"Sasa mbona kila siku namwona kwenye benchi la wagonjwa? Anakuja na sare yake, anakaa, mchana anaondoka. Haitwi, wala yeye haulizi."

Wembe ulisimama hewani. Nikavua aproni nikatoka mbio. Mlinzi wa watu alirudi kazini na ndevu upande mmoja, na mpaka leo hajaninunia. Mungu ampe maisha marefu.

Nilimkuta ameketi kati ya mama mwenye mtoto mchanga na mzee mwenye bandeji mguuni. Mkoba mapajani, mgongo wima, kama mtu aliye darasani. Njiani nilikuwa nimeandaa maneno makali. Nilipoona mgongo ule nikayaacha mlangoni. Nikakaa pembeni yake. Nesi akaita mtu, akaita mwingine.

Nikamwambia, "Na sisi zamu yetu bado?"

Akaanza kulia, kimya kimya, machozi tu. Yule mama akampa kitambaa cha mtoto wake.

Kumbe hakujua ratiba inasomwaje. Wiki ya kwanza alikuwa anafuata migongo ya wenzake kila kengele ikilia. Siku moja akafuata migongo isiyo yake, akajikuta kidato cha tatu. Kesho yake mwalimu akamuuliza swali. Alilielewa. Jibu alilijua. Likatoka kwa Kiswahili. Darasa zima likaangua kicheko, na tangu hapo wakamwita Tafsiri. Mtoto aliyekuwa wa kwanza miaka yote, dada, akawa kichekesho.

Nikamuuliza, "Lakini kwa nini zahanati?"

"Pale kila mtu anasubiri, mjomba. Hakuna anayekuuliza unasubiri nini."

Kesho yake nilifunga duka tukaenda wote kwa mwalimu wa malezi. Ni mama mwembamba, meza imejaa karatasi mpaka kikombe chake cha chai anakiweka dirishani. Hakumgombeza. Alimpa kiti kwanza yeye, kisha mimi. Akaniambia, "Kila mwaka muhula wa kwanza hunipokonya watoto wazuri. Wazazi hunijia mambo yameshaharibika. Wewe umewahi." Halafu akaniuliza ninafanya kazi gani.

"Nanyoa vichwa."

"Vya wanafunzi wangu?"

"Karibu vyote."

Akacheka. Kisha akaacha kucheka, akanitazama. Kuna jambo tunalipika, dada. Acha liive.

Mdogo wako


Aprili 2

Mdogo wangu,

Leo sina salamu ndefu. Nimesoma barua yako nimesimama jikoni, uji wa bibi ukaungua.

Nina hasira na ile shule, na wale watoto, na wewe pia. Mwanangu anashinda zahanati na wewe unaniandikia "raha mustarehe"! Nimeshusha sanduku. Nguo za baridi nimeshazipanga. Nitaomba ruhusa, wakininyima nitaondoka hivyo hivyo.

Halafu nikasoma tena pale ulipokaa naye benchini. Najijua, mdogo wangu. Ningekuwa mimi, ningemvuta mkono mbele ya wagonjwa wote, na leo angekuwa ananiogopa zaidi ya hao wanaomcheka. Nilikaa kitandani nikakuonea wivu. Ndiyo, wivu. Wewe uliyaona machozi ya mwanangu, mimi nimeyasoma.

Sanduku liko wazi. Nipe sababu ya kutolifunga.

Dada yako


Mei 12

Dada yangu, shikamoo.

Rudisha sanduku mahali pake. Sababu hii hapa.

Unajua Jumamosi asubuhi duka langu linavyojaa wanafunzi. Mwalimu wa malezi alitangaza shuleni: mgeni mwenye swali, Jumamosi aende kwa kinyozi. Na mimi nikaweka sharti langu. Mwanafunzi wa kidato cha tatu au cha nne akikaa kwenye kiti, lazima aseme jambo moja alilotamani aambiwe siku ya kwanza. "Ukidanganya," nawaambia, "mkono wangu unaweza kuteleza." Wanacheka, lakini wanasema.

Kuna kijana mmoja mrefu, wanamwita Mlingoti, hata akiketi kichwa chake kinanipita. Alisema, "Mimi muhula mzima nilinakili ubao bila kuelewa kitu. Nikadhani ni mimi tu. Kumbe darasa zima tulikuwa tunanakiliana ujinga." Wale wageni kwenye benchi, dada, ungewaona wanavyoshusha mabega!

Kiranja mmoja alikuja kumsindikiza mdogo wake. Akachukua ratiba akawaonyesha: siku zinashuka hivi, saa zinakwenda hivi, namba hii ndiyo chumba. Tena akawafundisha namna ya kumwomba mwalimu arudie. "Yule wa hesabu, mwenye sauti ya radi, msimwogope. Mfuateni kipindi kikiisha. Akiwa peke yake ni mpole kama sungura."

Baadaye wazazi nao wakaanza kuja, mmoja mmoja, kila mmoja akisingizia kumleta mtoto kunyolewa. Kuna fundi mwashi mmoja, mtu wa miraba minne. Alisimama mlangoni na saruji yake viatuni akasema, "Mimi naishtaki shule! Mwanangu aliniambia amepewa kazi ya nyumbani. Nikampa ufagio, nikampa vyombo, akaosha mpaka masufuria ya jirani. Kufika shuleni, kaadhibiwa eti hakufanya kazi ya nyumbani! Shule gani hiyo hairidhiki?"

Ilibidi nitoe mashine kichwani kwa mtu, nisije nikamtoboa kwa kicheko. Mwashi alipoelezwa, alicheka kuliko wote. Kisha akatoa karatasi mfukoni, tangazo la shule, akauliza kwa sauti ya chini, "Na hii inasemaje?" Wazazi wengine nao wakapapasa mifuko. Kumbe wote walikuwa nayo, na hakuna aliyeielewa.

Mlingoti alikuwa kichwa kimejaa povu. Nikaangalia kona. Mwanao alikuwa amesimama, anafagia nywele.

"Nikitafsiri nitakosea mahali," akasema.

"Kosea tu, mwanangu," akajibu mwashi. "Mimi wala sitajua."

Akaweka ufagio. Akasoma sentensi kwa sentensi, akawaambia maana yake. Neno moja lilimshinda, akamuuliza Mlingoti, Mlingoti naye hola, wakafungua kamusi povu likidondokea kurasani. Ulikuwa mwaliko wa kikao cha wazazi. Alipomaliza, mvulana mmoja wa darasani kwake, mmoja wa wale waliomcheka, akamnyooshea karatasi. "Tafsiri, msomee na mama yangu." Sikujua niangalie wapi. Yeye akaipokea tu, akamgeukia yule mama akamwamkia.

Sasa anakwenda shule kila siku. Nakuambia ukweli mtupu: mtihani wa katikati ya muhula hakuwa wa kwanza, wala wa kumi. Alilia kidogo, akala, akamfuata mwalimu wa hesabu.

Mdogo wako, mjomba mtu


Juni 3

Mdogo wangu, mboni ya jicho langu,

Hujambo? Leo nakusalimia mara mbili kufidia ile barua ya Aprili.

Sanduku liko juu ya kabati. Barua yako nimemsomea bibi, nikimfasiria kwa lugha yake, na akadai nirudie pale pa masufuria ya jirani. Mwambie fundi mwashi ana rafiki huku, mwenye magoti mabovu.

Mwanangu naye ameniandikia, mdogo wangu, kurasa kwa kurasa! Ukurasa mzima ni mwalimu wa hesabu na namna anavyomenya machungwa. Mwishoni akaniuliza, "Mama, wewe ulipofika huko ulikuwa unaelewa wanavyosema?" Hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Nikamwambia ukweli: mwaka wa kwanza nilikuwa naitikia ndiyo kwa kila kitu, mpaka siku moja nikajikuta nimekubali kuogesha mbwa wa jirani, na mbwa nawaogopa kama kifo.

Wanasema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Mimba nililea mimi. Hiyo kazi nyingine umeifanya kwa mikono ile ile ya kushika wembe, na hukumpandishia sauti mtu. Najivunia wewe. Nilikuwa nakuita kapera kama tusi. Sasa nalitaja mbele ya wenzangu huku: mdogo wangu kapera, amenilelea.

Dada yako


Novemba 16

Mdogo wangu,

Haraka haraka: nimepata likizo! Bibi mwenyewe ndiye aliyenisemea kwa wanawe. Nafika asubuhi ya siku shule itakapofunguliwa. Usimwambie. Ukimwambia nitakunyoa mimi.

Nieleze tu nifanyeje nikifika.

Dada yako


Desemba 20

Dada yangu, shikamoo.

Sisi wazima, na duka limehamia shuleni. Natania, lakini si sana. Mwalimu wa malezi ametaka yale ya Jumamosi yafanyike siku ya kwanza, ukumbini, kwa wazazi wote. Basi sikiliza, maana wewe pia ni mzazi mgeni pale. Hujawahi kuikanyaga ile shule.

Ukifika usiende nyumbani, hutatukuta. Njoo shuleni moja kwa moja na mizigo yako. Mtu wa miraba minne getini, anayewaambia wazazi wasiogope, ni fundi mwashi; mpe sanduku akushikie. Ukumbini kaa viti vya nyuma. Mimi nitakuwa mlangoni, na nikikuona sitakusalimia. Usinikasirikie.

Mwalimu mkuu ataongea. Safari hii amekubali kusimama kila baada ya maneno machache, ili mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili awaeleze wazazi kwa Kiswahili. Utamjua huyo mwanafunzi. Amekurefukia, na sauti imekuwa nzito kidogo. Atakwama mahali fulani. Usishtuke. Akikwama huwa anauliza, kisha anaendelea.

Kisha atakwenda kukaa kwenye meza ya maswali. Panga foleni, dada. Najua moyo utakuwa unakuruka, lakini usiwaruke watu; mbele yako kutakuwa na baba ambaye hajalala kwa wasiwasi, na mama anayeshindwa kuachia mkono wa mwanawe, na kila mmoja anastahili zamu yake. Wasikilize wanavyojibiwa. Ndiyo zawadi niliyokuwekea.

Zamu yako ikifika, atakuwa ameinamia karatasi anaandika. Atasema bila kuinua kichwa, "Shikamoo mzazi, karibu. Nikusaidie nini?"

Hapo sina la kukuelekeza. Mimi nitakuwa nimewapa mgongo. Wazazi wageni wakimwona kinyozi analia, watadhani shule inatisha.

Mdogo wako, mjomba mtu