Mechi Zimezidi, Nami Ndoto Zimeniishia

Mpendwa Mshauri Anastasia,

Naomba msaada wako, ingawa kwa kawaida mimi ndiye ninayeombwa msaada, maana Morogoro nzima hakuna mtaalamu wa timu za mpira anayenifikia, nimerithi mizimu ya ukoo wetu kule Mgeta, nikinyoosha kidole mpira unapinda, nikipiga chafya kipa anateleza, na timu ya kiwanda haijafungwa nyumbani tangu nilipoanza kukaa nyuma ya goli lake.

Basi, ngoja nisikudanganye na wewe. Sijarithi kitu. Babu yangu alikuwa mpiga kengele wa misheni, na mimi ni mkulima wa kabichi na karoti, shule niliiacha darasa la nne kwa hiari ya mwalimu. Uongo huu ulinikuta nimekaa. Nilishuka mjini kumwona Gervas, mtoto wa dada yangu Magdalena, anayecheza winga ya kulia katika timu hiyo, nikakaa nyuma ya goli kwa kuwa huko hakuna anayekuuliza tiketi, nikatema ugoro karibu na nguzo, mara wageni wakapata penalti, wakapiga, ikagonga nguzo ileile, na kabla sijafuta midomo mwenyekiti wa timu, bwana Yunusi, ameshanifikia na soda mkononi, "Shikamoo babu, umetokea mlima gani?" Nikasema Mgeta. Akawageukia wenzake, "Si niliwaambia!" Mpaka leo sijui aliwaambia nini, lakini toka siku hiyo nina kiti changu, nakula chakula cha kambini, na nikitema mate watu wazima wanasogea.

Sasa Mshauri, kinachonichanganya ni ratiba. Zamani kiwanda kikiwa cha serikali vijana walikuwa wanacheza ligi tu, Jumamosi hii na Jumamosi ile, katikati wanaingia kiwandani kusinzia juu ya marobota ya pamba. Kiwanda kimeuzwa, tajiri mpya kasema timu ijitafutie chakula chake, ndipo Yunusi akaanza kukubali kila mwaliko wenye mapato ya mlangoni, ligi ipo, kombe la watu wa sabuni lipo, kombe la mgombea ubunge lipo, mgombea wa chama kingine naye hakubali kushindwa kaleta lake, halafu zile mechi za kirafiki ambazo urafiki wake sijauona, kijana anacheza Jumatano Turiani, anarudi juu ya lori la miwa, Ijumaa anacheza hapa, Jumapili Ngerengere, mpaka kuna mmoja alifunga goli akaenda kushangilia kwa mashabiki wa wageni, alidhani bado yuko kwenye mechi ya juzi.

Goti la Gervas likaanza kuvimba. Akanijia, "Mjomba, nikande." Nikamkanda kwa mafuta ya nazi, nikatia ugoro kidogo ili inuke kama dawa. Nikamwambia apumzike, akasema akipumzika namba yake inachukuliwa. Kocha Godlisten naye aliwaambia viongozi vijana wamechoka, wakamjibu kazi yake ni kufundisha, mambo ya mechi aachie ofisi. Nikaona kumbe anayesikilizwa hapa ni mmoja tu, naye ni mimi tapeli. Nikaenda kwa Yunusi nikamwambia nimeota wachezaji watatu wana kivuli kibaya, wasiguse mpira mpaka mwezi uandame, na wa kwanza nikamtaja Gervas. Akakubali hata hakuuliza swali! Kocha akanivizia mlango wa choo, akaangalia nyuma, akaninong'oneza, "Mzee wangu, ukilala leo unaweza kuwaota na mabeki wangu wawili?"

Nikawaota.

Vijana wakalala, wakala, mwezi ukaandama, wakarudi wanaruka kama mbuzi waliofunguliwa kamba, wakawafunga watu mabao manne, na mimi nikafurahi nikidhani viongozi wamejifunza. Wapi! Yunusi kasimama mbele ya wanachama, "Kwa dawa hii ya mzee wetu sasa tunaweza kucheza hata kila siku," akaongeza makombe mengine. Unaona lakini? Nilidanganya ili mechi zipungue, uongo ukafanya kazi, na kwa kuwa umefanya kazi mechi zikazidi. Nimelifikiria jambo hili huku na huku, naona kama mtu anayezima moto kwa mafuta ya taa na kila mtu anampigia makofi.

Na ndoto nazo zina mwisho wake, huwezi kuota timu nzima. Nikabadilisha, nikatoa mwiko, Gervas asikanyage nyasi mpaka nimfungue. Nilijiona nina akili kuliko yule mwalimu aliyenifukuza. Wiki ileile Yunusi akatafuta mechi kijiji kimoja kando ya reli ambako uwanja ni vumbi tupu, akanijia anachekelea, "Babu, mwiko tumeuzingatia, kule hakuna hata unyasi mmoja, mbuzi wamemaliza." Pembeni palikuwa na majani kidogo, basi wakambeba Gervas mgongoni kutoka kwenye lori mpaka kwenye mstari wa chokaa, wakamtua kama gunia la mpunga, akacheza, akatoka anachechemea, na daktari amemwambia asipopumzika mpaka uvimbe uishe kabisa, mpira atakuwa anausikia redioni.

Sasa inakuja nusu fainali ya kombe la sabuni, uwanja una nyasi, na Yunusi anataka nifungue mwiko. Hilo ningelimudu. Ila Gervas mwenyewe amenipigia magoti, na moja ndilo hilo bovu, anasema watu wa timu kubwa ya Dar wanakuja kumwangalia, "Mjomba, nifungue tu, dawa yako naiamini kuliko ya hospitali." Nikisema kweli nitafukuzwa, watamleta mtaalamu mwingine atakayewachanja mpaka visigino na kuwachezesha hata na homa, na Gervas atajiuliza nina mjomba gani mimi. Nikinyamaza goti ndiyo basi tena.

Sasa nioteje safari hii?

Mimi mzee wako,
Dominiko, wa Mgeta

JIBU

Mzee Dominiko, shikamoo. Nimekusalimu kwa heshima ya umri wako. Kwa matendo yako ningekupita njiani kimya.

Umeniuliza uoteje. Usiote kabisa. Umeshaota vya kutosha, na kila ulipoota Yunusi alipata sababu ya kuongeza mechi. Wale vijana walishinda kwa sababu walilala na kula, mtoto wa chekechea angeliona hilo, na wewe uliliona. Ukaacha sifa iende kwenye ugoro, kwa kuwa kiti kilikuwa kizuri na wali ulikuwa wa moto. Nakuonea huruma, sikatai. Ulikuta watu wenye masikio ya kusikia uchawi tu, ukasema nao kwa lugha wanayoisikia. Lakini sasa mgonjwa mwenyewe ndiye anayeiamini dawa yako, na hapo utani umekwisha, mzee wangu.

Kuna jambo limenishangaza katika barua yako yote. Wewe ni Mluguru. Gervas ni mtoto wa dada yako. Huko kwenu akitaka kuoa wewe ndiye unayeulizwa, shamba la ukoo likigawanywa wewe ndiye unayesimama. Una sauti juu ya kijana huyu kuliko mwenyekiti na tajiri wake, na sauti hiyo hukuiokota nyuma ya goli. Hukuitumia hata mara moja! Ulimwogopa Yunusi ukaenda kuazima mizimu.

Anza na Gervas, kabla ya mtu mwingine yeyote, na dada yako Magdalena awepo. Mwambie kila kitu, na ugoro wa kwenye mafuta pia. Atakasirika. Mwache akasirike, goti halivimbi kwa hasira. Mwambie na hili: watu wa Dar wakimkuta amekaa benchi watauliza lini anapona, wakimwona anachechemea uwanjani hawatauliza kitu, watapanda basi na kurudi kwao.

Halafu nenda kwa mwenyekiti ukiwa umevaa shati lako la kanisani, na karatasi ya daktari mkononi, na useme wewe kama mjomba umemzuia. Usitaje ndoto wala mwezi. Kocha Godlisten uende naye, aache kuwavizia wazee chooni, mtu mzima yule. Yeye aseme mbele yako kwamba ligi ichezwe na kikosi cha kwanza, na kwenye makombe ya wagombea wapelekwe vijana wa kikosi cha pili, maana wagombea wanataka kupigiwa kura na wala hawajui winga ni nani.

Ukifukuzwa, kabichi zipo. Nenda leo.

Mshauri Anastasia

BARUA YA PILI YA MZEE DOMINIKO

Mshauri,

Nilienda. Sikwenda leo uliyoisema, nilienda keshokutwa yake, shati lilikuwa halijafuliwa.

Gervas alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Kwa hiyo ulipokuwa unanikanda ukinena kile Kiluguru cha ndani, ulikuwa unasema nini?" Nikamwambia nilikuwa nataja majina ya mbegu. Mama yake alicheka, yeye hakucheka. Akachukua fimbo akaondoka pole pole, wala hakuniaga.

Kwa Yunusi ndiko nilikochanganyikiwa kabisa. Nikamwambia mimi si mtaalamu, akacheka, "Wataalamu wa kweli wote husema hivyo." Nikamwonyesha karatasi ya daktari, hakuisoma. Nikasema mimi mjomba wake nimesema hachezi. Akaniangalia. "Hiyo ni mizimu, babu, au ni wewe?" Nikasema ni mimi. Akasema, "Haya, asicheze," kana kwamba nimemtisha zaidi kuliko siku zote. Kocha alikuwa amesimama nyuma yangu anatoa jasho, lakini alisema yake yote.

Nusu fainali tumefungwa. Gervas alikaa benchi na ndala zake. Watu wa Dar waliongea naye, sijui walisema nini kwa sababu hasemi na mimi, kambini anapita ananiacha hivi hivi, shikamoo hakuna. Kiti changu kimechukuliwa na mzee mwingine kutoka Ngerengere ambaye hata ugoro hatumii. Nimerudi Mgeta.

Sasa nimekutii kwa kila ulilosema, nimekosa kiti na nimekosa wali, kwa hiyo wewe una deni dogo kwangu. Gervas husoma ukurasa wako kila gazeti likifika kambini. Chapisha barua zetu hizi zote, majina yaache yalivyo, wote wameshajua. Na mwisho kabisa weka maneno haya: Gervas, karoti zimekomaa, njoo Jumapili, upande gari mpaka mlangoni, ule mlima usiupande kwa miguu.

Ila usiseme ni mimi niliyekuomba.