Likizo Yako, Dada Yusta

Dada Yusta,

Shikamoo. Mkono umeandika wenyewe, kwa mazoea. Hata asubuhi nikifungua zahanati husalimia kwanza, ndipo nakumbuka.

Ni mwezi wa nane sasa tangu ututoke. Huku milimani mvua zilichelewa, mtama umetoka mfupi. Baada ya kukuzika tulikaa wiki sita bila nesi. Mimi mhudumu tu, sindano siruhusiwi, kuzalisha siruhusiwi. Wajawazito niliwarudisha mlangoni. "Shukeni kituo cha afya Kibakwe," niliwaambia, nao wakanitazama kama mtu aliyewafukuza.

Kuna jambo sikulisema msibani kwenu Hombolo. Watu walisimama mmoja mmoja kukusifu. Hakukataa mgonjwa. Mganga alipohamishwa na asiletwe mwingine, akabeba kazi zote peke yake. Hakuchoka. Nilikuwa nyuma na akina mama wanaopika, na neno hilo lilinichoma. Ulichoka, Dada. Uliniambia mwenyewe.

Tulikuwa tunaanika mashuka ya wazazi. Ukanionyesha barua yako ya kuomba likizo. "Agnesi, kichwa hiki si cha kawaida. Presha imekataa kushuka. Nataka niende nyumbani nikalale tu."

Nami nikasema nini? "Dada, ukiondoka nitabaki na nani? Ngoja basi chanjo iishe."

Ukacheka. Ukaikunja ile barua, ukaitia mfukoni. "Haya, mdogo wangu."

Chanjo iliisha Alhamisi. Jumatatu ukaanguka katikati ya kliniki, umebeba mtoto wa watu. Mama yake akamdaka. Gari la wagonjwa lilikuwa kwenye safari nyingine. Tukakupakia kwenye lori la vitunguu, kichwa chako mapajani mwangu. Hospitali ya Mpwapwa hatukufika nawe ukiwa hai.

Baadaye wakamleta Emanueli, nesi kijana, ametoka chuo juzi tu. Mpole, anafanya kazi mpaka anasahau kula. Siku moja nikamkuta anahesabu vidonge huku amefumba macho. "Sijambo," akasema. "Nimalize foleni kwanza."

Kesho yake nikaenda wilayani kumwombea likizo. Nilikaa kwenye benchi siku mbili. Ofisa aliponiita akasema hana mtu wa kumshikia zamu, kila zahanati inalia. Sikubishana naye, alikuwa anasema kweli. Nikamweleza habari ya barua yako, na ya maneno yangu. Yote. Akageukia dirishani. Mwisho akamwandikia Emanueli ruhusa ya wiki mbili, na akapata nesi mstaafu wa kuja siku tatu kwa wiki.

Sasa sikiliza, maana hili ndilo linaloninyima raha. Katika siku ambazo yule nesi mstaafu haji, binti wa Mzee Chilongani alishikwa na uchungu. Wakamteremsha bondeni kwa pikipiki. Alijifungulia njiani. Yeye amepona. Mtoto hakupona.

Mzee alikuja zahanati, vumbi mpaka magotini. "Nesi wenu yuko wapi?"

"Amekwenda kwao kupumzika, baba."

"Kupumzika."

Hakunitukana. Aliketi kwenye ngazi, nami nikaketi karibu yake. Nilifanya vema, Dada? Nikimzuia Emanueli, nakuona wewe. Nikimruhusu, namwona yule mzee. Watu wanasema tujitolee. Tumejitolea. Tulichokosa ni mtu wa pili.

Emanueli amerudi, uso umejaa kidogo. Nilipomwambia, hakuweka hata begi chini. Alikwenda moja kwa moja kumwangalia yule binti.

Nakuaga, Dada Yusta. Fomu za chuo cha uuguzi nimejaza. Wakinichukua, nitaomba nirudishwe hukuhuku, tuwe wawili.

Na mama yako hunipigia simu kila Jumapili. Kila mara anauliza, "Hivi mwanangu walimnyima likizo?" Nami hujibu, "Walimnyima, mama." Huwalaani, halafu ananibariki mimi.

Jumapili hii sitapokea simu. Nitapanda gari nije Hombolo nimwambie usoni ni nani aliyekuzuia. Akinifukuza, nitaondoka. Lakini atakuwa amejua.

Lala sasa.

Mdogo wako,
Agnesi