Uliandika "Limekamilika", Baba

Baba,

Shikamoo. Wa kuitika hayupo, lakini wewe ndiye uliyenifundisha nisianze neno na mkubwa bila hiyo, basi ipokee.

Tangu tukuzike mvua haijatupa nafasi huku Newala, na boma la zahanati, zile kuta zisizo na paa, linazidi kulika. Mbuzi wa jirani wanajikinga upepo humo. Unakumbuka tulivyopanda na ndoo za maji kutoka bondeni ili tufyatue yale matofali? Ulikuwa katibu wa kamati ya ujenzi, ukabeba ndoo kama sisi, ukichechemea, unatutania kwamba mgonjwa wa kwanza utakuwa wewe. Umefia njiani ukipelekwa hospitali ya Ndanda, baba. Hilo halinitoki.

Ukatibu wako nimepewa mimi. Juzi nikaenda kikao cha bajeti cha kata. Wimbo unaujua: zahanati yetu inatoka hapa kipaumbele namba moja, ikifika juu tunaambiwa ukomo wa bajeti umeshuka. Ajabu, ukomo hushukia kwetu tu. Kijijini kwa wakwe zake diwani wameshaezeka. Ulikuwa ukisema, "Wakikupa karatasi, tafuta kitenzi." Nikatafuta kwenye orodha waliyotugawia. Hatumo kwenye maboma ya kukamilishwa. Tumo kwenye majengo yaliyokamilika. Jengo lisilo na bati hata moja!

Nikawaka mbele ya kikao kizima. Diwani hakukasirika, na hapo ndipo nilipoogopa. Akafungua faili akanipa muhtasari wa zamani wa mkutano mkuu wa kijiji. Mwandiko wako, ile k yako yenye mkia mrefu. "Jengo limekamilika." Chini, sahihi yako.

Najua lilivyotokea, au najidai najua. Siku ile kuta zilipofika kwenye renta, juu ya madirisha, mkutano ulifanyika pale pale na watu walipiga vigelegele, "Tumemaliza! Tumemaliza!" Kila mtu kijijini alielewa: zamu yetu imeisha, kuezeka ni kwa serikali. Nawe ukataka neno la heshima, la ofisini. Lakini baba, nakumbuka diwani alisimama karibu yako akikushikia mwavuli ukiandika. Je, neno lilikuwa lako, au alikunong'oneza? Wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Sikudhani siku moja ningekagua kanzu yako. Naona aibu, na bado nakagua.

Siku ya pili baada ya kikao diwani akaja nyumbani na sukari kilo mbili. "Mama Shadida," akaniambia kwa upole, "tusilichafue jina la marehemu. Mwakani tutaingiza ukarabati, na zahanati tutaiita kwa jina la mzee wetu." Mama alilia kwa furaha. Mimi nilikuwa naitazama ile sukari. Ukarabati wa nini? Ukikubali kukarabati umekubali kwamba jengo lilikwisha, na kilichokwisha hakiombewi bati tena.

Somoe mdogo wangu ana mimba, baba. Njia ya Ndanda ni ile ile uliyopita wewe.

Njia ya kulitoa lile neno ni moja. Muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji unasahihishwa na mkutano mkuu wenyewe, na lazima mtu asimame aseme nani alikosea. Diwani anajua hivyo. Ndiyo maana ameleta jina lako, anadhani hapo ndipo nitakaponyamaza. Karibu apatie.

Mama sijamwambia bado. Sijui atanitazama vipi.

Ijumaa baada ya swala nitasimama mbele ya kijiji na kusema baba yangu alikosea. Sitasema la mwavuli, maana sina hakika nalo. Jina lako likikosa kuandikwa ukutani, nisamehe. Nakuahidi bati la kwanza likipanda nitakuja kaburini kukwambia kabla sijamwambia mtu.

Pumzika, baba, Mola akupe nafasi njema. Kwenye muhtasari mpya nitaandika "kuta zimefika kwenye renta, hakuna paa," basi. Halafu nitatia sahihi kwa majina yangu yote mawili, na la pili ni lako.

Mwanao,
Zainabu