Sitaitika Mariam

Bawshar, Maskati

Mama, shikamoo. Mimi mzima, joto tu ndilo linaloniandama.

Bi Nasriya, mwenye nyumba ninayofanyia kazi, mzaliwa wa Unguja, ameamua niitwe Mariam, eti Benedikta ni gumu. Mwenzangu wa jikoni, Rosario, Mfilipino, akaguna. Wahispania walipowatawala waliwagawia mababu zake majina ya Kihispania, na leo hajui ukoo wao uliitwaje.

Jana Bi Nasriya akaita, “Mariam! Hunsikii weye?”

Nikaendelea kukuna nazi. Akaja mpaka mlangoni.

“Mariam hayupo, Bi Nasriya. Mimi Kokubanza, jina la bibi yangu.”

Akalijaribu, likamkwama. Atalizoea.

Na hilo Benedikta, mama, alilonipa padri, nalo nimelivua. Ukinijibu, andika la bibi.

Mwanao,
Kokubanza