Gauni la Mkono Mmoja

Mwaka umetimia, Mama, tangu ulipoanguka mlangoni mwa chumba cha mbele, kile ulichokifanya duka, futi ya kupimia nguo ikiwa bado shingoni. Hukuugua, hukuaga. Asubuhi ulikuwa unatutania. Kufika adhuhuri tulikuwa tunakulilia.

Wateja walikuita Mama Pindo, maana hukuweza kumwona mtu njiani pindo limefumuka ukamwacha apite hivihivi. Ulimsimamisha, ukachomoa sindano kwenye ukosi wako, ukapiga magoti palepale, unamshonea huku unamgombeza.

Wasichana uliowafundisha kazi hukuwapa cheti. Gauni la kwanza la kila mmoja lilikatwa kwa kipimo chako, nawe ukalivaa harusini mbele za watu, hata likiwa limekaa kombo. Baba alikuchokoza: "Mke wangu, leo bega moja linakwenda, jingine linarudi." Ukamjibu, "Niache. Mwenye gauni lake ananitazama."

Kitinda mimba wako alipokataa nafasi ya chuo kikuu akataka cherehani, ukoo mzima ulikuja juu. Baba mdogo akasema mtoto amepotea. "Basi, shemeji," ukamwambia, "vua hiyo suruali niliyokushonea, urudi kwako umevaa digrii." Watu wakacheka, yakaisha. Yaliisha kwa sababu ulikuwepo.

Msibani, hata viti vya watu havijarudishwa, maneno yakaanza upya: mtetezi wake hayupo, mtoto arudi shule. Aliifunika cherehani yako kwa shuka. Gauni lake la kwanza likabaki msumarini, mkono mmoja umeshonwa, wa pili ungali kitambaa, kwa kuwa ndio aliokuwa anaukata ulipoanguka. Hakwenda chuoni, wala hakuushika tena mkasi. Amekonda, Mama, hatukufichi. Nasi hatukujua tumwambie nini, maana wa kumwambia ulikuwa wewe.

Leo asubuhi tumesikia pedali ya cherehani yako. Baba aliacha chai yake akaenda kusimama karibu, asionekane. Mkono wa pili umeingia, nao umekaa kombo kuliko yote uliyowahi kuvaa. Ungejivuna na gauni hilo mtaa mzima.

Dada mkubwa amelijaribu, mashangazi wamelijaribu, halikumkaa mtu. Lilikatwa kwa kipimo chako, Mama, na kipimo hicho hana mwingine. Mtoto amelikunja, akalia kama siku ile. Kisha akanawa uso, akawafungulia wateja mlango wa duka kwa mara ya kwanza tangu ulipoangukia hapo.

Wanaokukumbuka kila uchao: mumeo, binti yako mkubwa, shemeji yako, ambaye suruali ile bado anaivaa, mawifi, wajukuu, wote uliowavalia magauni yao ya kwanza, na kitinda mimba wako, fundi.

Hutatutoka moyoni kamwe, Mama Pindo.