Kazi ya Duka la Viatu Nimeipata Mimi

Binti Usingizi,

Chai iko kwenye chupa. Blauzi nimeipiga pasi, iko kitini. Usiikalie.

Asubuhi nilikuamsha upeleke barua ya kuomba kazi duka la viatu mpaka sauti ikanikauka. Ukanijibu, "Kidogo tu, mama," ukageukia ukutani. Basi nikaipeleka mwenyewe, maana kazi ya wikendi unaitaka wewe lakini miguu ni yangu. Meneja akadhani mwombaji ni mimi. Kabla sijafungua mdomo, akanikabidhi mteja aliyefura kwa hasira, kiatu kimembana, eti nimtulize. Kwa mtu anayeishi na wewe, yule alikuwa cha mtoto. Ametoka na jozi mbili, anacheka.

Meneja akaniambia nianze Jumamosi.

~~Nimekubali. Kupika ni juu yako.~~

Nimekataa. Nimemwambia mwenye barua yuko nyumbani, ana subira kunishinda, na atafika kuonana naye leo saa nane mchana. Kwa hiyo amka, uchane nywele. Akikuuliza umejifunzia wapi kuvumilia wateja wagumu, nitaje tu, sitanuna.

Mama yako